Kuchomelea alumini nene ya kusubu kwa mashine ya ampea 200

SWALI: Nina nyumba ya giaboksi ya alumini, uzito wake kama kilo 14. Sikio moja la bolti limekatika, unene wake milimita 18, na kuna ufa wa sentimita 7 unaoelekea kwenye kiti cha beringi. Mashine yangu ni TIG (inayochomelea kwa elektrodi ya tangsteni na gesi ya kinga) ya AC/DC, ampea 200. Nimejaribu pembeni: nikifungulia ampea zote, tao (mwali wa umeme kati ya tangsteni na kipande) linawaka vizuri lakini alumini hailainiki, na rodi inajikunja kuwa kidonge kinachobiringika. Nikisubiri zaidi, sehemu nzima inabonyea ghafla na madoa meusi yanaibuka. Je, nitafute mashine kubwa? Na nikifanikiwa, naweza kurudisha beringi siku hiyo hiyo?

JIBU: Mashine hiyo inatosha, ila si peke yake. Ampea 200 zinaweza kuyeyusha kile kijisehemu unachotaka kukiyeyusha. Kinachozishinda ni kupasha kilo 14 zilizokizunguka, na kazi hiyo ya pili mpe moto wa gesi. Halafu katika dalili zako kuna ugonjwa mwingine uliojificha: mafuta yaliyonywewa na alumini. Huo hata mashine ya ampea 400 haiuponyi.

Kanuni ya mafundi wa TIG kwenye alumini ni kama ampea 40 kwa kila milimita ya unene. Kwa hesabu hiyo ampea 200 ni milimita 5, ukijitahidi 6. Kwa milimita 18 kanuni ingekudai ampea 720, na hakuna anayeshika tochi ya namna hiyo mkononi. Aloi za kusubu za alumini na silikoni hupitisha joto karibu mara tatu kuliko chuma cha kawaida, kwa hiyo unachokiweka chini ya tao kinakimbilia upande wa pili wa kipande kabla dimbwi la metali iliyoyeyuka halijafunguka.

Sasa tazama kilo 14 zenyewe. Kuzipandisha kutoka nyuzi 25 za Selsiasi hadi 185 kunahitaji takriban kilojuli 2,000, kwa sababu kila kilo hula karibu kilojuli 0.9 kwa kila nyuzi moja. Tao la ampea 200 hukaa karibu volti 18, yaani kilowati 3.6, na kwenye AC tuseme sehemu sita kati ya kumi ndizo zinazoingia kwenye kipande. Hizo ni dakika 15 za tao lisilozimwa, bila kuhesabu joto linalopotea hewani na mezani. Mashine nyingi za ukubwa wako haziruhusiwi kutoa ampea 200 zaidi ya dakika mbili hadi nne katika kila dakika kumi, na soma pia kibao cha tochi: tochi ndogo ya kupozwa na hewa ya aina ya 17 imepimwa kwa ampea 150 za DC, na kwenye AC ni chini ya hapo. Gesi ya kupikia kwa upande wake ina karibu megajuli 46 kwa kilo. Hata kama sehemu moja tu kati ya tano inaingia kwenye kipande, robo kilo ya gesi imemaliza kazi ambayo mashine yako ingeifanya huku ikijizima na kujiwasha kutwa nzima.

Kabla ya kuwasha chochote

Hakikisha kwamba ni alumini kweli. Nyumba nyingi za giaboksi ni alumini, lakini zipo za magnesiamu, na vifuniko vidogo vingine ni vya aloi ya zinki. Chukua lile sikio lililokatika, lipime likiwa kavu, kisha lipime tena likiwa limening'inizwa kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chombo. Tofauti ya gramu ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa tofauti hiyo: alumini itakupa 2.6 hadi 2.8, magnesiamu karibu 1.8, aloi ya zinki karibu 6.6. Kama una shaka ya magnesiamu, piga tupa sehemu ndogo hadi ing'ae na udondoshee siki. Magnesiamu itatoa povu papo hapo, alumini itatulia. Usipuuze jambo hili, maana unga wa magnesiamu chini ya grainda huwaka moto ambao maji huuongeza.

Ukishajua ni alumini, swali linalofuata ni aina ya kusubu. Kipande kilichomiminwa kwenye kalibu ya mchanga au ya chuma bila shinikizo kwa kawaida huchomeleka vizuri. Kilichosukumwa kwenye kalibu kwa shinikizo kubwa, chenye kuta nyembamba, uso laini na alama za pini za kusukumia, mara nyingi kina gesi iliyonaswa ndani. Utakiandaa kwa uangalifu wote na bado kitapumua vitundu. Kwa unene wako wa milimita 18 naelekea kuamini ni cha aina ya kwanza, jambo ambalo ni heri kwako.

Toa kila kitu: beringi, oili sili, pini, bolti. Zibua matundu ya mafuta na hakikisha hakuna chumba kilichofungwa pande zote, kwa kuwa mvuke wa mafuta ukinaswa ndani na kupashwa moto unaweza kulipuka.

Mafuta

Hapa ndipo kazi nyingi za alumini ya kusubu zinapoharibikia, na fundi hulaumu ampea. Alumini ya kusubu ina vinyweleo. Giaboksi iliyofanya kazi miaka imenyonya mafuta hadi ndani, hasa kwenye kuta za ufa, ambako mafuta hupanda na kushuka kila kipande kikipata joto na kupoa. Ukilipiga tao hapo, mafuta yanavunjika na kuacha kaboni, ambayo ndiyo yale madoa meusi uliyoyaona, pamoja na hidrojeni. Alumini iliyoyeyuka hubeba hidrojeni mara nyingi zaidi kuliko alumini iliyoganda, takriban mara ishirini kwenye kiwango cha kuyeyuka. Dimbwi likiganda, gesi hiyo inakosa pa kukaa na inaacha vitundu.

Osha kwanza kwa sabuni ya kuondoa grisi na maji ya moto, ukaushe. Kisha pasha kipande chote hadi nyuzi 150 hadi 200 na ukiache hapo kwa saa nzima. Utaona mafuta yakitoka kwenye ufa na kutengeneza mstari wa kahawia. Zima moto, acha kipande kipoe hadi uweze kukigusa, pangusa kwa asetoni kwa kitambaa safi cheupe, rudia. Kitambaa kikitoka cheupe baada ya kupasha, umefika. Mara mbili au tatu ni kawaida. Asetoni yenyewe iweke mbali kabisa na moto, na uiache ikauke kabisa kabla ya kuwasha tena.

Onyo moja ambalo haliwezi kusubiri: usitumie kabisa dawa ya kusafishia breki yenye klorini. Mabaki yake yakikutana na mwanga na joto la tao yanaweza kuzalisha fosijeni, gesi inayoua, na kiasi kidogo kinatosha.

Baada ya kusafisha, fungua ufa. Tumia biti ya kabaidi yenye meno mapana ya alumini, au patasi. Mawe ya kawaida ya grainda usiyatumie, kwa kuwa alumini huziba mawe hayo, nayo huacha punje na gundi ndani ya metali laini. Diski ya msasa inafaa kwa kazi ya nje kama ni mpya na haijawahi kugusa chuma. Tafuta mwisho wa ufa kwa rangi ya kupenya, ile inayoingia kwenye nyufa na kuzionyesha, maana kwa macho peke yake utaukosea, kisha toboa tundu la milimita 3 pale mwisho wenyewe ulipo ili ufa usikukimbie utakapopasha. Osha rangi yote kabla ya kuendelea. Ni uchafu kama uchafu mwingine.

Umbo la mfereji lina uzito kuliko wengi wanavyodhani, hasa ukiwa na nguvu kidogo. Kwenye sikio la milimita 18, kata pande zote mbili ili mifereji ikutane katikati, ukiacha ulimi wa milimita 2 hadi 3 wa kuwekea vipande sawa. Kwenye ufa unaofikika upande mmoja tu, fanya mfereji wenye sakafu ya mviringo, upana wa chini milimita 10 au 12, na kuta zilizolala, jumla yake kama nyuzi 70 za pembe. Mfereji mwembamba wenye ncha kali chini ni mtego: tao linaruka kwenye kuta za pembeni, sakafu inabaki baridi kwa sababu joto linaikimbia pande tatu, na utajaza juu ya ufa ambao haukuyeyuka kamwe.

Mwisho kabisa, piga brashi ya waya wa stenlesi iliyotengwa kwa alumini tu, kwa mkono mwepesi, ndani ya mfereji na sentimita 3 nje yake. Mpangilio ni asetoni kwanza, brashi baadaye. Ukitanguliza brashi unasugua grisi ndani. Ngozi ya oksidi unayoiondoa huyeyuka karibu na nyuzi 2,050, ilhali alumini iliyo chini yake imekwisha yeyuka kabla ya 620. Ndiyo maana uliona sehemu nzima ikibonyea: chini palikuwa maji, juu ngozi bado imeshika.

Kupasha

Weka kipande juu ya matofali ya moto, usikilaze kwenye meza ya chuma. Meza nene itakunyang'anya joto lote na kukuacha na upande mmoja wa baridi. Jenga kuta za matofali pande zake, funika juu kwa blanketi la kuhimili moto, na weka jiko la gesi chini likiwa na mwali mpana. Oveni ni bora zaidi kama kipande kinaingia. Tochi ya oksijeni na asetilini inafaa kwa kichwa kipana na mwali usiozidi oksijeni wala asetilini, lakini izungushe daima. Ukiituliza mahali pamoja unaweza kuyeyusha ukingo bila dalili, kwani alumini haigeuki nyekundu.

Dakika za mwanzo utaona uso unatoka jasho. Huo ni mvuke wa maji unaozalishwa na mwali wenyewe, unaogeuka matone kwenye metali baridi. Usichomelee hadi jasho lote liwe limekauka na kipande kimepita nyuzi 120.

Lengo lako ni nyuzi 175 hadi 200 kwenye eneo la kazi, na sehemu ya mbali isiwe chini ya 150. Pima kwa chaki ya joto au kwa kipimo cha waya kinachogusa. Bunduki ya mionzi hudanganya vibaya kwenye alumini inayong'aa, inaweza kusoma chini sana ya ukweli. Ukiwa huna kingine, paka doa la rangi nyeusi inayohimili joto mbali na mfereji na upime hapo. Kwenye aloi za alumini na magnesiamu, ambazo hutumika zaidi kwenye vifaa vya baharini, usikae juu ya nyuzi 120 kwa muda mrefu, kwa sababu joto la kati la muda mrefu huzidhoofisha dhidi ya kutu. Giaboksi kwa kawaida si za aloi hizo.

Joto hili lina bei yake. Kama kipande kilikuwa kimepikwa kuwa kigumu kiwandani, hali inayoandikwa T6, upikaji wake wa mwisho ulikuwa karibu nyuzi 155 hadi 170 kwa saa kadhaa, na wewe ukikaa saa nzima kwenye 200 unaanza kukilainisha. Eneo la mshono litalainika hata hivyo. Kwa nyumba ya giaboksi yenye kuta nene, hasara hiyo huwa inavumilika. Kwa mkono wa sasipensheni, rimu ya gurudumu au sehemu ya usukani haivumiliki, na sikushauri uzichomelee kabisa, uwe na mashine ya ukubwa wowote.

Mpangilio wa mashine

Tangsteni ya milimita 3.2 yenye lanthanamu, iliyonolewa kisha ikabutuliwa ncha kidogo. Ya 2.4 itayumba ukikaa karibu na 200 kwenye AC. Kikombe namba 8 au kikubwa zaidi, pamoja na lenzi ya gesi (kichujio cha wavu kinachotuliza mtiririko), maana utahitaji kutoa tangsteni milimita 10 hivi nje ili ifike chini ya mfereji. Arigoni lita 10 hadi 12 kwa dakika. Zaidi ya hapo gesi inaanza kuvuta hewa badala ya kuizuia.

Balansi ya AC, yaani mgawanyo wa muda kati ya tangsteni kuwa hasi na kuwa chanya, iweke ambapo upande hasi unachukua asilimia 70 hadi 75 ya muda. Fundi akiona uchafu hukimbilia kuongeza upande chanya ili "usafishe", lakini upande chanya hupeleka joto kwenye tangsteni badala ya kipande, na wewe huna joto la kupoteza. Usafishaji fanya kwa biti na brashi. Frikwensi 70 hadi 90 Hz hukupa dimbwi pana linalofaa kwa unene huu. Kupanda hadi 120 husaidia tu unapohangaika na sakafu ya mfereji. Gesi ya baada ya kuzima iwe sekunde 15 hadi 20.

Rodi ni ER4043 ya milimita 3.2, yenye silikoni asilimia 5. Ikiwa kipande kina silikoni nyingi na kina tabia ya kupasuka kinapoganda, ER4047 yenye silikoni karibu 12 hutiririka vizuri zaidi na hupasuka kwa nadra. ER5356 iache kabati hadi uwe na uhakika kipande ni cha alumini na magnesiamu; ukiichanganya na aloi yenye silikoni nyingi unazaa mshono mkavu unaovunjika. Pangusa rodi kwa asetoni. Rodi iliyolala bila mfuko huwa na oksidi na unyevu kama kipande chenyewe.

Kuchomelea kwenyewe

Anza kwa jaribio mbali na ufa, mahali palipokwanguliwa hadi pakang'aa. Kipande kikiwa na nyuzi 185, kanyaga pedali hadi mwisho, tao lenye urefu wa milimita 3 hivi, na uhesabu. Kwanza uso unafifia, kisha unaonyesha mikunjo midogo, halafu ghafla duara lenye kung'aa linafunguka katikati. Likifunguka ndani ya sekunde 5 hadi 8, uko tayari. Ikifika sekunde 15 na bado, achia. Rudi kwenye gesi. Kung'ang'ania ndiko kunakoyeyusha sentimita tano za mzunguko kwa mkupuo mmoja.

Jaribio hilo pia linakutenganishia magonjwa mawili. Kama dimbwi linafunguka upesi mahali safi lakini kwenye ufa linatoa pilipili nyeusi na ngozi ya kijivu, shida ni mafuta wala si nguvu. Pitisha tao kwenye kuta za mfereji bila rodi, uyeyushe milimita moja ya juu na kuacha uchafu uibuke, kisha kwangua ule uchafu wote kwa biti hadi uone metali nyeupe. Rudia hadi dimbwi litulie kama kioo. Usijaribu kuufunika kwa rodi.

Kwenye mfereji, usikimbilie kuunganisha. Paka kwanza kila ukuta tabaka lake la 4043, milimita 2 au 3, kama fundi mwashi anavyopiga lipu ya kwanza kabla ya kusawazisha. Ukipaka kila ukuta peke yake, tao linashughulika na ukingo mmoja tu, hivyo ampea zako zinatosha, na mvutano wa kuganda unafanyika kabla kuta hazijashikana. Baada ya hapo, mishono ya kuunganisha inapita kati ya metali safi na metali safi.

Rodi ipige kwenye ukingo wa mbele wa dimbwi, usiitie chini ya tao moja kwa moja. Kile kidonge chako kinachobiringika kinatokea rodi inapoyeyuka hewani huku sakafu ikiwa bado imara. Ukiona dimbwi linazizima baada ya kuipiga, umelisha haraka mno. Mishono iwe mifupi, sentimita 3 hadi 5, kisha piga brashi, pima joto, endelea upande mwingine. Joto likishuka chini ya 150, rudisha gesi. Likipita 230, pumzika, kwa maana dimbwi litaanza kupanuka bila amri yako. Msaidizi mwenye tochi ya gesi upande wa nyuma ni sawa na kuongezewa mashine, mradi asielekeze mwali kwenye gesi yako ya kinga.

Mwisho wa kila mshono ndipo nyufa mpya zinapozaliwa. Alumini husinyaa takriban asilimia 6 inapoganda, na shimo dogo lililoachwa katikati litapasuka kwa umbo la nyota. Punguza pedali polepole kwa sekunde tatu nne huku ukiongeza tone moja au mawili ya rodi hadi shimo lijae na kuwa mwinuko. Ufa uanzie kuchomelewa kwenye lile tundu la mwisho, uelekee nje, ili msinyao uwe na pa kwenda. Mshono ukiwa bado moto, ugongegonge kwa nyundo ndogo ya mviringo, nguvu ya kuacha alama tu.

Sikio lishikilie mahali pake kwa bolti na kipande cha chuma kilichonyooka, au lifunge giaboksi kwenye nyumba nyingine mbovu ya aina hiyo hiyo. Bila kufungwa, flanji itajikunja. Ikifungwa mno bila kupashwa, itapasuka. Weka pointi nne za kushikiza, kisha badilishana pande: mshono juu, mshono chini.

Ikiwa gesi bado haitoshi

Hatua inayofuata ni heli. Kwa ampea zilezile, heli hupandisha volti ya tao, na hivyo joto. Mchanganyiko wa heli asilimia 25 hadi 30 na arigoni bado unawaka kwa urahisi; kwenye 50 utaona tofauti kubwa, dimbwi linafunguka upesi na kuzama zaidi. Ukifika 75 mashine ndogo mara nyingi husumbuka kuwasha na kushikilia tao kwenye AC. Heli ni nyepesi, inapaa, kwa hiyo ongeza mtiririko hadi lita 15 hivi, na ujue kipimo kilichochorwa kwa ajili ya arigoni hakisomi sawasawa. Ni ghali, kwa hiyo fanya maandalizi yote kwa arigoni na ubadilishe silinda wakati wa mshono wa sakafu tu.

Kuna njia nyingine ambayo wenye mashine ndogo huisahau: DC, elektrodi upande hasi, kwa heli tupu. Joto karibu lote linaenda kwenye kipande na kupenya ni kwingi. Lakini hakuna usafishaji wa oksidi hata kidogo, tao linapaswa kuwa fupi kama milimita moja, na mshono unatoka na ukungu wa kijivu unaopigwa brashi kila tabaka. Kwenye giaboksi yenye mabaki ya mafuta ni njia ya kujitafutia balaa. Kwenye bamba nene jipya lililokwanguliwa ni nzuri sana.

MIG (mashine inayolisha waya badala ya rodi) ya ampea 200 yenye bunduki ya kubebea waya wake ni mbadala wa kweli pale ujazo ni mkubwa. Waya wa 4043 wa milimita 1.2 unahitaji karibu ampea 130 au zaidi ili udondoke kwa mnyunyizo, na hizo unazo. Udhaifu wake ni mwanzo: sentimita mbili za kwanza hushikana juujuu tu kipande kikiwa baridi, hivyo kupasha kunabaki palepale. Elektrodi za fimbo zenye dawa kwa ajili ya alumini zinachomelea pia, ila dawa yake hula alumini kama hukuiosha yote, na ndani ya giaboksi hilo ni gumu. Zile rodi za zinki zinazoyeyuka karibu na nyuzi 400 ziache kwa vifuniko visivyobeba mzigo.

Baada ya kuzima

Funika kipande kwa blanketi au mchanga mkavu uliopashwa, kipoe chenyewe hadi kesho. Usimwagie maji, usipulizie hewa. Andika "MOTO" juu yake kwa chaki, kwani alumini yenye nyuzi 200 inafanana kabisa na yenye 20, na karakana ina mikono mingi.

Kikipoa, kwangua mshono hadi usawa kwenye nyuso za kufungia tu na uache mwinuko kwingine. Rudia rangi ya kupenya, hasa pembeni mwa mshono na kwenye lile tundu. Vitundu viwili vitatu vya ukubwa wa ncha ya pini kwenye sikio si kitu. Vikiwa kwenye ukuta wa mafuta, jaza mafuta ya taa ndani, paka nje unga wa chaki, na uangalie kwa saa chache kama doa litatokea.

Kuhusu beringi: si siku hiyo hiyo. Alumini hutanuka karibu mikromita 23 kwa kila mita kwa kila nyuzi. Kiti cha milimita 80 kikiwa na nyuzi 20 tu juu ya joto la chumba kinasoma milimita 0.037 zaidi ya ukweli, na tofauti hiyo peke yake inatosha kukufanya uone kiti kilicholegea kumbe kiko sawa, au kinyume chake. Acha kipande na kipimo chako vilale pamoja usiku kucha, kisha pima kiti kwenye vipenyo vitatu tofauti na kwa vina viwili. Kama umbo limekuwa la yai kwa zaidi ya milimita 0.02, kitatakiwa kuchongwa upya na kuwekewa bushi. Tundu la bolti kwenye sikio jipya toboa baada ya kupata nafasi yake kwa kufunga nyumba kwenye mwenzake, na uweke uzi wa chuma wa kuingiza badala ya kuchonga uzi moja kwa moja, kwa kuwa mshono wa 4043 ni laini kuliko kipande cha awali.